Kikohozi na Gari Jeupe

4 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, ijapokuwa shikamoo yako ya kwenye simu juzi ilitoka kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Sisi huku wazima. Mama yuko salama, ila masikio yanazidi kuzima. Ukimwambia chakula kiko tayari anakujibu kwamba hajakiona, labda kimebebwa na paka. Binti zangu wako huko walikoolewa na njia ya kwangu wanaikumbuka wakiwa na shida. Kamba anakusalimu. Ni kibarua wangu yule yule, anabeba friji mgongoni peke yake, na anafunga mizigo kwa mafundo ambayo kesho yake hata yeye anayatukana.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu na wewe haziwezekani. Juzi nilianza sentensi nne, sikumaliza hata moja. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Utakaa, utasoma mpaka mwisho, na ukikasirika utakasirika kimya kimya kama mtu mzima. Barua nampa dereva wa basi la asubuhi, uende ukaichukue ofisini kwao.

Sasa hilo gari lako jeupe. Unasema lori langu Kikohozi ni aibu. Aibu ya nani? Shemeji yako alipoondoka na yule mama wa duka la vipodozi alichukua televisheni, akachukua na godoro, lori akaliacha. Akaniambia, "Hilo bati kauze kwa kilo." Sikuliuza. Nilijifunza kuliendesha usiku kwenye uwanja wa mpira ili watu wasinicheke, halafu nikaanza kuhamisha watu. Leo nusu ya mji huu imepita nyuma ya lori langu. Maharusi nawahamishia chumba chao cha kwanza, na miaka miwili baadaye naitwa tena kuwahamisha kila mmoja kivyake na nusu yake ya vikombe. Linakohoa, ndiyo. Mji mzima unaliita Kikohozi na barabarani wanalipisha. Hilo jeupe lako nani analijua?

Nijibu swali moja. Limetoka wapi? Gari zuri namna hiyo, bei ya kutupa, halafu limekaa kwenye yadi yenu ya kuuzia magari tangu mwaka jana linamngoja mwanamke wa mbali anayebeba makabati ya watu? Wanunuzi wote wa huko mjini wamepofuka?

Dada yako.


19 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hii naitamka polepole, silabi moja baada ya nyingine, uipokee vizuri. Hapa kwangu tunamshukuru Mungu. Wifi yako hajambo, anaulizia sufuria lake kubwa uliloondoka nalo ukasema ni la kuazima. Watoto wamefungua shule. Mkubwa amekuwa wa tatu kutoka mwisho na anajisifu kwamba kuna wawili aliowapita.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoamuru. Nimecheka pale ulipoandika kwamba watu "wanalipisha" Kikohozi. Dada, wanalipisha kama wanavyoipisha ambulansi, kwa hofu. Nilipokuja mwaka jana ulinifuata stendi na hilo lori. Tulipita mbele ya shule, watoto wakaziba masikio. Mlango wa upande wangu ulifungwa kwa waya. Sakafuni palikuwa na tundu, nikaiona barabara inakimbia chini ya viatu vyangu, na wewe unaniambia hiyo ni hewa safi, nyinyi wa mjini mnailipia.

Lakini jambo moja halikunichekesha. Kila tuliposimama penye mlima, Kamba aliruka chini na lile gogo lake, akaingia nyuma kulikandamiza kwenye tairi. Nilikuuliza, je, breki ya mkono? Ukanijibu, "Kamba ndiye breki ya mkono." Mkacheka wawili. Mimi nilitazama pembeni.

Hili jeupe, dada, ni kitu kingine. Bodi yake imefunikwa, mvua ikinyesha godoro la mtu halilowi. Usukani unauzungusha kwa kidole. Kiyoyozi kinapuliza kama uko ofisini. Utakaa humo kama mkurugenzi, na Kamba atakaa mbele kama binadamu badala ya kuning'inia nyuma kama nguo ya kuanikwa.

Unauliza limetoka wapi. Magari yote yametoka nje, dada. Hata Kikohozi, enzi zile, kilitoka nje.

Mdogo wako.


12 Machi

Mdogo wangu,

Tumeipokea barua. Mama nimemsomea kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza tunagombana nini. Alipofahamu habari ya gari alitaka kujua rangi. Nikamwambia jeupe. Akasema, "Litachafuka," akarudi kulala. Mambo yamekwisha kwa upande wake.

Sufuria la wifi yangu lipo. Mwambie lina mchuzi.

Nikuhadithie ya wiki iliyopita, uone hayo magari yako mapya. Tulikwenda kumhamisha meneja mmoja wa benki, mtu wa miwani ya kamba, anapanda cheo na nyumba inapanda naye. Mke wake alinifungulia geti, akalitazama Kikohozi kuanzia taa mpaka tairi, akaniuliza, "Hili ndilo lori lenyewe au ni la kuvutia lori?" Tukapakia. Kamba alifunga kioo chao kikubwa kwa mablanketi matatu mpaka kikaonekana kama mgonjwa. Meneja akatangulia na gari lake jipya, hata plastiki za viti hajazitoa. Kufika kwenye kona yenye tope, likazama. Akakanyaga mafuta, ikawaka taa ya manjano. Akashuka, akarudi kuisoma ile taa kama anasoma tangazo la msiba. Akapiga simu huko waliko mafundi wake, wakamwambia gari limejifunga lenyewe kwa usalama wake, asiliguse. Mke wake ndani na viatu vyeupe, mvua inaanza.

Nikamwambia Kamba, toa mnyororo. Kikohozi kilikohoa mara mbili, kikawatoa na gari lao na usalama wao. Yule mama alimaliza siku nzima hajaniangalia usoni.

Gogo liache kama lilivyo. Kamba ana miaka na gogo lake, anajua kazi yake. Wewe uza magari.

Na swali langu umelijibu kama mwanasiasa. Kurasa tatu, viyoyozi na wakurugenzi, na nilichouliza hakimo. Lilikuwa la nani na kwa nini alilitoa?

Dada yako.


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Wote wazima hapa. Ninaandika kwa ufupi, nimeibia muda wa chakula.

Hadithi ya meneja nimeisoma kwa wenzangu hapa yadini, wamevunjika mbavu. Lakini dada, lori kumtoa mtu topeni si sifa ya lori kubeba vyombo vya watu. Hata tingatinga lingemtoa, na hulitumii kuhamishia makabati.

Bosi kila asubuhi akipita anagonga tairi za jeupe kwa ncha ya kiatu halafu ananitazama mimi. Analiita "gari la dada yako" mbele za watu. Nimelitunza kwa mkono wangu. Mazulia ya sakafu nimebadilisha yote, mapya kabisa. Nalipulizia manukato, na madirisha nayaacha wazi mchana kutwa lipate hewa. Ukiingia utafikiri umeingia duka la maua. Uamuzi ni wako, lakini uamue kabla ya mwisho wa Aprili, maana baada ya hapo sijui nitamwambia nini.

Lilikuwa la mtu aliyelipenda sana. Mambo yakambadilikia.

Mdogo wako.


2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mama alishikwa na homa, sasa amepoa, anakula. Mimi sijambo.

Barua yako niliipata siku nyingi, sikuwa na nafasi. Mvua zimekuwa kubwa na kazi nimepunguza. Kikohozi kimepumzika kidogo uani. Habari ya gari lako jeupe tutaongea wakati mwingine, sina la kusema kwa leo. Bosi wako mwambie asubiri au asisubiri.

Msalimie wifi yangu na watoto. Mkubwa mwambie asome.

Dada yako.


9 Mei

Dada,

Leo sitoi shikamoo, utanisamehe.

Barua yako imenifikia juzi. Niliigeuza nyuma na mbele nikitafuta tusi, hata moja, sikuliona. Kamba hakunisalimu. Miaka yote hii hujawahi kuniandikia wala kunipigia bila kumtaja Kamba. Nikamwambia mke wangu, huko kuna kitu. Akasema labda mmegombana.

Jana mchana nimeitwa getini, kuna mama ananitafuta. Sikumtambua. Amejifunga khanga kiunoni, mkononi ana mfuko wa dawa. Akaniambia, "Mimi ni mke wa Kamba. Samahani kukujia kazini. Hapa mjini hatuna tunayemjua ila wewe."

Nikamuuliza Kamba yuko wapi. Akanitazama kama mtu anayetaka kujua nacheza au nimeuliza kweli. "Kwani hujaambiwa?"

Nimetoka naye saa ile ile mpaka hospitali ya rufaa. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Mguu wa kulia umening'inizwa na vyuma vimepita ndani ya mfupa. Yeye mwenyewe, badala ya kulia, anaomba radhi. Anasema, "Usimlaumu dada yako. Gogo lilikuwa limelowa." Nikamwambia anyamaze. Akaendelea, "Aliniambia nisikusumbue." Mke wake alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Hakutaka wewe usumbuliwe. Sisi ndio wa kusumbuliwa."

Ulitaka nijibu nini? Wiki tatu, dada! Wiki tatu mtu amelala hapa, mwendo wa dakika chache kutoka ninapofanyia kazi, na wewe unaniandikia habari za mvua. "Kikohozi kimepumzika." Kimepumzika juu ya mguu wa nani?

Ulikuwa unalisifu. Linavuta mameneja. Halina kompyuta. Linajulikana mji mzima. Sasa linajulikana na huku pia, wodi nzima imeelezwa habari zake. Daktari anasema mguu utapona lakini hautakunja goti kama zamani. Friji hatabeba tena.

Nakwenda tena kesho. Mke wangu anapika. Wewe endelea kupumzika na lori lako.

Mdogo wako.


16 Mei

Mdogo wangu,

Yote uliyoyaandika nimeyasoma, na mama hakusomewa.

Ilikuwa hivi. Fundi cherehani mmoja alikuwa anahamisha duka lake kwenye ule mteremko wa nyuma ya soko. Mashine sita, meza, na sanamu mbili za kuvalisha nguo. Nilisimamisha lori mdomo ukielekea juu. Kamba akaweka gogo. Tukapakia, na mzigo ulipokuwa mzito lori likaanza kuteleza nyuma taratibu, kama mtu anayejivuta kitandani. Nikiwa kwenye usukani nikakanyaga breki, nikakuta hakuna kitu, ni kama kukanyaga hewa. Nikapiga honi. Kamba angeweza kuruka pembeni, njia ilikuwepo. Badala yake alirudi kulisukuma gogo kwa mguu. Lori lilimbana kwenye nguzo ya geti. Fundi cherehani ndiye aliyepiga kelele. Kamba alikuwa ananiambia, "Mama, weka gia, weka gia." Nikaweka gia. Likasogea, akaanguka.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ungeandika hiyo barua uliyoandika.

Lori sijaliwasha tangu siku ile. Kuku wa jirani wanataga ndani yake. Niliita fundi wa breki, akaingia uvunguni, akakaa sana, akatoka akijifuta mikono. Nikamwambia sema. Akasema breki atatengeneza, lakini chasisi imeliwa na kutu, na chuma kilicholiwa namna ile hakishikilii breki wala kitu kingine.

Umeshinda. Niletee hilo jeupe lako. Sitaki kulijaribu, sitaki kujua lilikuwa la nani. Kile kiwanja changu cha juu kuna mtu anakitaka, nakitoa wiki hii. Lilete wewe mwenyewe, na Kamba akiruhusiwa arudi ndani yake, amekaa mbele kama ulivyosema.

Dada yako.


3 Juni

Dada,

Shikamoo. Kamba anaendelea vizuri, ameanza kukaa. Mke wake sasa analala kwetu, anaelewana na wifi yako kuliko ninavyoelewana naye mimi.

Samahani kwa kuchelewa kujibu.

Lile gari jeupe limeuzwa.

Kiwanja usikiuze kwa haraka.

Mdogo wako.


10 Juni

Mdogo wangu,

Limeuzwa. Haya.

Tangu mwaka jana lilikuwa pale, halina mteja, bosi analigonga kwa kiatu. Siku niliyosema nalitaka, likauzwa. Na wewe ambaye ukiuza hata kioo cha pembeni unanipigia simu kujigamba, safari hii umeandika mstari mmoja. Hujasema ameuziwa nani. Hujasema nimechelewa, nilikuonya, ungenisikiliza. Ungekuwa umeliuza kweli ungenisuta kurasa nne.

Yule fundi wa breki alikuwa hapa uani akifungua matairi. Nikamuuliza, hivi mtu akibadilisha mazulia yote ya gari, akalipulizia manukato na kuacha madirisha wazi kutwa, anataka nini? Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama," akasema, "hilo lilishaogelea." Akanieleza kwamba gari likizama kwenye mafuriko linaoza kwa ndani, waya moja leo, nyingine kesho, mpaka siku linapokuzimikia katikati ya barabara, breki na usukani vyote pamoja.

Kwa hiyo miezi yote hiyo, bwana mkubwa, ulikuwa unamuuzia dada yako mbuzi kwenye gunia. Unanihubiria breki ya mkono! Unanisimanga kwa gogo la Kamba, na mkononi una chupa ya manukato! Ningekuwa karibu ningekuvuta masikio mbele ya wanao. Mimi nilimweka mtu nyuma ya tairi nikijua, sikatai, na hilo nitalala nalo peke yangu. Lakini sikumwambia lile gogo ni kiyoyozi.

Niliendelea kukutukana mpaka maji ya chai yakakauka jikoni. Halafu nikakaa. Maana ungeweza kulileta. Nilishasema sitaki kujua, kiwanja kilishapata mtu, bosi wako angekubeba mabegani. Umesema limeuzwa. Katika uongo wote ulionimwagia tangu Februari, huo ndio uliouongopa kwa ajili yangu.

Sitakushukuru. Usisubiri.

Kikohozi kimeondoka jana. Mwenye chuma chakavu alikuja na winchi, mtu wa kelele nyingi na kipimo kidogo. Alitaka kunipiga picha nimesimama kando ya lori, eti kumbukumbu. Nikamwambia akapige picha na mama yake. Majirani walitoka wamejipanga kama kwenye msafara, wananitazama waone kama nitalia. Niliingia ndani kupika.

Sasa sikiliza. Kiwanja nimeuza. Kuna lori la kiwanda cha mikate wanalitoa, kuna la shule moja, na dalali ana jingine analolisifu kama wewe, kwa hiyo hilo nina wasiwasi nalo. Si mapya, si makuukuu. Magari mabovu huyajui kwa kusoma. Umeyapaka rangi wewe mwenyewe. Omba ruhusa, uje ulale uvunguni mwa haya matatu, uniambie ukweli. Safari hii huuzi. Unatazama tu.

Dada yako.


15 Juni

Dada,

Shikamoo.

Ruhusa sihitaji kuomba sana. Kuna mteja alikuja kwa ajili ya jeupe, kijana na mchumba wake, nikawaambia lilishazama kwenye mafuriko, na wengine walionunua la namna hiyo waliishia kulia. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Siku hizi naosha magari, siyauzi. Wifi yako anasema angalau sasa narudi nyumbani nikiwa safi.

Nitafika Jumamosi kwa basi la mchana. Kamba na mke wake naja nao, daktari amemruhusu. Atatumia magongo. Nimewakatia viti vya mbele.

Mke wake ameniuliza kama wewe ndiye utakayekuja kutupokea stendi. Nikasema ndiyo. Akasema yeye atapanda teksi.

Mdogo wako.


20 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba ya zile ulizonibania. Tuko wazima. Mama bado anasimulia ulivyokuja. Anasema kitinda mimba wake amekuwa fundi, amemwona kwa macho yake amelala chini ya gari la shule, miguu tu iko nje. Sikumsahihisha. Yule mwalimu mkuu nikikutana naye njiani siku hizi anavuka barabara, kwa vile ulivyotoka uvunguni na kipande cha chasisi yake mkononi ukamuuliza kama ni biskuti. Dalali naye amenitumia salamu zisizoandikika.

Lori la mikate ni zima. Nililisugua siku mbili, unga haukwishi. Breki ya mkono nimeijaribu kila mteremko wa mji huu, nikiwa peke yangu, bila mzigo na kwa mzigo wa mawe. Nikiivuta linasimama kama limekatazwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa jana. Kamba na mkewe walikuwa wanakaa ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, na kwa magongo ikawa anapanda kwa makalio kama mtoto. Nimewatafutia chumba cha chini karibu na njia kuu, kodi ya mwanzo ni juu yangu, hilo tulishaongea na mkewe kupitia kwa mama, maana mimi haongei nami. Nikaenda na vibarua wawili. Mkewe alifungua mlango, akanipita, akawasalimia vibarua.

Walibeba ovyo. Kamba alikaa kwenye kiti katikati ya ua akiwafokea. "Meza inashikwa miguuni? Umewahi kuona mtu anashikwa miguuni? Hilo fundo ni la kufunga mbuzi! Leta hapa!" Akaletewa kamba kitini, akafunga, akawarudishia. Nimemwambia kuanzia sasa ndiyo kazi yake, kusimamia na kufunga, na malipo yake ni yale yale. Akajifanya anafikiri kwanza.

Tulipomaliza, palibaki safari yenyewe. Ni lazima kushuka ule mlima mrefu. Kamba akapandishwa mbele. Vibarua wakatangulia kwa miguu. Mkewe alibaki amesimama barabarani ameshika taa ya mezani. Nikamwambia nafasi ipo. Akalizunguka lori zima, akafika kwenye tairi za nyuma, akasimama pale. Halafu akaja dirishani kwangu. Ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa tangu Aprili.

"Breki zinashika?"

Nikamwambia, "Zinashika."

"Na wewe ulimwambia hivyo hivyo."

"Sikuwahi kumwambia zinashika," nikasema. "Nilimwambia yeye ndiye breki."

Alinitazama sana. Nilifikiri atanipiga na ile taa. Akaenda upande wa pili, akapanda, akakaa mlangoni, Kamba katikati na mguu wake umenyooka mpaka kwenye gia. Nikaondoa lori. Mlima ulipoanza, kwa pembe ya jicho nilimwona ameshika mpini wa mlango kwa mkono wote. Nilishuka kwa gia ya pili. Katikati ya mlima, kabla sijafika penye watu, nikasimamisha. Nikavuta breki ya mkono, nikaondoa miguu yangu yote miwili kwenye pedali, nikaikunja juu ya kiti aione. Lori halikusogea. Tukakaa hapo, watatu, mzigo wote nyuma yetu, magari yanatupigia honi. Kamba akafungua mdomo kusema kitu, mkewe akamwekea mkono gotini anyamaze.

Tulikaa mpaka yeye mwenyewe aliposema, "Haya, twende. Watu wanataka kupita."

Alipofika kwake alipanga vyombo bila kunikaribisha, na mimi sikukaa. Lakini wakati nawasha lori kuondoka alitoka mlangoni akaniuliza Jumatatu napita saa ngapi kumchukua mume wake kwenda kazini.

Nimemwambia saa moja. Nitafika kabla.

Dada yako.